Gumba Linapokataa Kutembea: Kutatua Matatizo ya Kupiga Gitaa Kavu kwa Vidole

Anayeanza kudonoa gitaa kavu kwa vidole huja na malalamiko yale yale. Gumba linasimama. Uzi unalia kama nyuki. Mkono wa kushoto unachelewa kufika kwenye kodi inayofuata (kodi ni noti kadhaa zinazoshikwa pamoja). Akifungua mdomo kuimba, vidole vinaganda. Nimeyasikia kwa vijana wa kwaya, kwa wastaafu walionunua gitaa lao la kwanza, hata kwa wapigaji wa solo la umeme waliozoea piki, kile kipande cha plastiki cha kupigia, kwa miaka mingi.

Mtindo ninaouzungumzia hasa ni ule wa vidole viwili, gumba na kidole cha shahada, uliotamba Katanga, kusini mwa Kongo, na magharibi mwa Kenya tangu miaka ya 1950. Jean Bosco Mwenda alipiga hivyo. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, Mwenda alikuwa mtu mmoja na gitaa moja, lakini ukiusikiliza wimbo wake Masanga kwa mara ya kwanza unaweza kuapa kwamba wako wawili. Upande wa Kenya, George Mukabi aliujenga mtindo wa omutibo juu ya msingi huo huo, chupa ya Fanta ikigongwa pembeni. Mbali kabisa, Kentucky nchini Marekani, Merle Travis naye alitegemea gumba na shahada. Ukitumia vidole vitatu au vinne, mengi ya hapa yatakufaa vilevile.

Niseme mapema ninachokiamini: matatizo mengi yanayosingiziwa vidole ni ya gumba, na mengi yanayosingiziwa mkono wa kulia ni ya mkono wa kushoto. Yaliyobaki ni ya gitaa lenyewe, na hayo hayaponi kwa mazoezi hata ukikesha.

Kwanza tenganisha mikono

Kabla ya kutafuta dalili yako, fanya jaribio hili la dakika tano. Pitisha kitambaa laini au soksi chini ya nyuzi karibu na daraja (kile kipande cha mbao mwilini ambako nyuzi zinafungwa), mpaka gitaa litoe mlio mfupi uliokufa. Mkono wa kushoto uuweke pajani. Sasa piga muundo wako kwa mkono wa kulia peke yake. Ukikatika hapo, tatizo liko kulia. Ukienda vizuri, toa kitambaa, ubadilishe kodi kwa mkono wa kushoto bila kupiga chochote, huku ukihesabu kwa sauti. Ukichelewa, tatizo liko kushoto. Kila mkono ukifaulu peke yake na yote miwili ikashindwa pamoja, una haraka tu: punguza kasi mpaka nusu.

Kuhusu kuhesabu, tumia Kiswahili. Moja, mbili, tatu, nne: kila neno lina silabi mbili, na mkazo uko kwenye silabi ya kwanza. Mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne. Gumba linapiga penye mkazo, yaani mo, mbi, ta, n. Shahada inapiga silabi nyepesi, yaani ja, li, tu, ne. Una nafasi nane zilizopangwa na lugha yako mwenyewe, na huhitaji kuchomeka neno jingine katikati.

Nyuzi nazihesabu kama kawaida: uzi wa 1 ni ule mwembamba kabisa, uzi wa 6 ni ule mnene kabisa.

"Gumba linasimama shahada ikipiga"

Hili ndilo lalamiko kuu, na nitakaa nalo.

Sababu inayoongoza ni kwamba muundo umejifunzwa kama mstari mmoja wa noti nane, kana kwamba ni namba ya simu. Umekariri: wa tano, wa pili, wa nne, wa kwanza. Ukisahau moja, zote zinaanguka. Katika mtindo huu kuna watu wawili ndani ya mkono mmoja. Gumba ni mpiga ngoma, halimsubiri mtu. Shahada ni mwimbaji. Inaingia na kutoka inapotaka.

Jipime hivi. Shika kodi ya C. Piga gumba peke yake: uzi wa 5, wa 4, wa 5, wa 4. Mwombe mtu aliye karibu akuulize umekula nini mchana, nawe umjibu kwa sentensi kamili. Gumba likisimama wakati unajibu, bado haliko tayari, na hakuna muundo wowote utakaokaa juu yake. Jengo halianzi na paa.

Tiba yake haina ujanja: gumba peke yake, dakika kumi kwa siku, mpaka uweze kuongea huku linatembea. Kwenye C ni 5-4-5-4. Kwenye G ni 6-4-6-4. Kwenye D ni 4-3-4-3. Baadaye utalitanua liwe 5-4-6-4 kwenye C na 6-4-5-4 kwenye G, ila si sasa. Likikaa, ongeza noti moja tu ya shahada, na uianzishe pale inapobanwa pamoja na gumba: kwenye "mo", gumba uzi wa 5 na shahada uzi wa 1 kwa pamoja. Kisha ihamishie kwenye "ja". Kisha kwenye "li". Kila nafasi ipe siku yake. Anayeweza kuiweka noti moja popote kati ya zile nafasi nane bila gumba kutikisika amevuka mto. Kuongeza ya pili na ya tatu ni jambo la wiki, si miezi.

Ukifika hapo, jaribu muundo huu kwenye C, G ikiwa gumba na S ikiwa shahada:

mo – G5
ja – S2
mbi – G4
li – S1
ta – G5
tu – S2
n – G4
ne – S1

Halafu ondoa S ya "ja" na ile ya "tu", ubakize mbili tu. Utasikia muundo unapumua. Uzuri wa mtindo huu uko kwenye noti za shahada ambazo hukuzipiga.

Sababu ya pili ni kasi. Weka metronomu, kile kifaa cha kugonga mdundo, kwenye mipigo 50 au 60 kwa dakika. Programu za bure zimejaa kwenye simu. Kama 60 inakuchosha kwa upole wake, huo si ushahidi kwamba umeiweza. Jirekodi kwa simu kisha sikiliza.

Ya tatu ni mahali gumba lilipo. Tazama mkono wako kutoka juu. Gumba likiwa limejificha ndani ya kiganja, nyuma ya shahada, vitagongana kila vikikutana. Linapaswa kutangulia mbele, upande wa shingo ya gitaa, ili gumba na shahada vikifunga vipishane kama herufi X. Kwa wengi hilo hurekebishwa kwa kuinua kiwiko kidogo tu, au kwa kusogeza mkono mzima karibu zaidi na tundu la sauti.

Ya nne: gumba linasukumwa na kiganja kizima. Mkono ukiruka juu kila gumba linapopiga, shahada inapoteza anwani ya uzi wake. Gumba litembee kutoka kwenye kiungo chake cha chini, karibu na kifundo cha mkono. Kiganja kitulie.

Ipo sababu moja ya nadra, ya kidole kujikunja chenyewe bila maumivu na bila idhini yako. Hiyo nimeiweka mwishoni kwenye sehemu ya maumivu. Usiipuuze.

"Mdundo unakatika nikibadilisha kodi"

Mwanafunzi husema, "Mkono wangu wa kulia mzito." Tukifanya jaribio la kitambaa, mkono wa kulia unakwenda kama saa.

Mara nyingi kinachomchelewesha ni kutaka kodi yote iwe imekamilika ndipo apige. Kwa anayecharaza nyuzi zote kwa pamoja, hilo lina maana. Kwa anayedonoa, noti zinakuja moja moja, na ya kwanza ni besi. Kwa hiyo kidole cha kwanza kufika kiwe kile cha besi. Unatoka C kwenda G: kabla ya kingine chochote, shika uzi wa 6 freti ya 3 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo, vikihesabiwa kutoka kichwani). Gumba likishaupiga, una nusu mpigo mzima ya kuweka vidole vingine. Unarudi C: kwanza uzi wa 5 freti ya 3. Zoea kujiuliza "besi iko wapi?" badala ya "kodi ina umbo gani?"

Cha pili, unaondoka umechelewa. Mkono wa kushoto unaruhusiwa kuachia nyuzi kwenye "ne", silabi ya mwisho. Nyuzi zikilia wazi kwa kitambo hicho kifupi hakuna atakayelalamika. Ukisikiliza rekodi za zamani kwa makini utazisikia. Mdundo uliokatika, kinyume chake, unasikika na kila mtu mpaka mtoto anayecheza uani.

Cha tatu ni kodi ya F, na inastahili kutajwa kwa jina kwa sababu imewaachisha wengi gitaa. Ukiona kila kitu kinakwenda sawa mpaka F, usijilazimishe kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote sita. Shika F ndogo: uzi wa 4 freti ya 3, uzi wa 3 freti ya 2, na shahada ya kushoto ilalie nyuzi za 2 na 1 kwenye freti ya 1. Gumba la kulia litembee 4-3-4-3. Ukitaka besi nzito zaidi, zungusha gumba la kushoto juu ya shingo likamate uzi wa 6 freti ya 1. Walimu wa gitaa la klasiki hawapendi kuiona, lakini wapigaji wengi wa vidole wameishi nayo maisha yao yote na haijawaangusha.

Kama F ndogo nayo inakataa, funga kapo, kile kibano cha kubana nyuzi zote shingoni, kwenye freti ya 2. Nyuzi zinakuwa karibu zaidi na shingo na mwendo wa vidole unapungua. Ikiwa na kapo inakuwa rahisi ghafla, basi lawama si ya kidole chako: nyuzi za gitaa lako zimepanda juu kupita kiasi. Nenda kwenye sehemu ya gitaa.

"Uzi unalia kama nyuki"

Usikimbilie fundi. Kwanza andika kwenye karatasi ni uzi gani na freti gani. Mlio wa nyuki usio na anwani haurekebishiki.

Ukisikika kwenye kodi tu, karibu kila mara ni kidole cha kushoto kimekaa mbali na freti, katikati ya nafasi au nyuma kabisa. Kisogeze mbele mpaka karibu kiguse chuma. Nguvu inayohitajika itapungua papo hapo, na watu wengi hushangaa. Angalia pia kama tumbo la kidole jirani linagusa uzi huo. Kunja viungo vya vidole zaidi, kata kucha za mkono wa kushoto.

Ukisikika hata uzi ukiwa wazi, bila kidole chochote, jicho liende kwenye kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho juu ya shingo ambamo nyuzi zinapita. Mfereji wake huenda umelika. Ukisikika kwenye freti moja tu, jirani yake wa mbele huenda ameinuka. Ukisikika kila mahali kwenye gitaa lililokuwa zima mwezi uliopita, shingo imejikunja kwa mabadiliko ya unyevu. Wanaohama na gitaa kati ya Mombasa na Nairobi, au Dar es Salaam na Dodoma, wanalijua hili hata kama hawajui sababu yake: mbao huvimba kwenye unyevu na kusinyaa kwenye ukavu.

Kabla ya kuhukumu shingo, hakikisha hujadanganywa na vitu vidogo. Kifungo cha shati kikigusa mgongo wa gitaa kitalia. Nati iliyolegea kwenye funguo za kukazia nyuzi italia. Ncha ya uzi iliyoachwa ndefu kule kichwani italia. Niliwahi kuhangaika na mlio wa uzi wa 4 karibu wiki nzima, kumbe ni nati ya ufunguo. Niliikaza kwa vidole na ukaisha.

Shingo unaipima hivi: bonyeza uzi wa 6 kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ubonyeze pale shingo inapoungana na mwili. Tazama uwazi ulio kati ya uzi na freti ya 7. Unatakiwa uwe mdogo, kama unene wa kadi ya biashara. Uzi ukigusa freti kabisa, shingo imerudi nyuma. Ukiweza kupitisha sarafu, imekunjwa mbele.

Simama hapa. Magitaa ya nyuzi za chuma yana fimbo ya chuma ndani ya shingo inayokazwa kwa ufunguo wa pembe sita, na video za kuonyesha namna ya kuizungusha ni nyingi. Fimbo hiyo huzungushwa robo ya mzunguko, si zaidi, kisha gitaa huachwa litulie. Ikikataa kuzunguka, usiilazimishe. Ikikatika ndani, gharama ya kuitoa inaweza kuzidi bei ya gitaa. Kama hujawahi kuigusa, mpe fundi, na mwombe ukae utazame.

"Napiga uzi ambao sikuukusudia"

Hapa hakuna mengi. Mkono unaelea bila egemeo. Kwa wiki chache egemeza kidole cha mwisho kwenye ubao karibu na tundu la sauti, au acha kidole cha kati na cha pete vipumzike kwenye uzi wa 1 wakati hauutumii. Wapo wanaokataza egemeo. Mimi naliona kama magongo ya mgonjwa, unayaacha miguu ikipona. Acha pia kutazama mkono wa kulia. Ukiutazama unainama, ukiinama gitaa linageuka uso juu, na pembe yote inabadilika.

Kama vidole vyako ni vinene na umejaribu yote, pima upana wa shingo kule juu kabisa. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana kama milimita 43. Ya klasiki yana kama 52. Hizo milimita tisa ni nyingi kwa mtu mwenye mkono mkubwa.

"Besi inafunika, nyuzi nyembamba hazisikiki"

Gumba lina nguvu kuliko shahada kwa maumbile. Jaribu kwanza kupiga gumba kwa nusu ya nguvu, badala ya kuongeza nguvu ya shahada. Wengi wanamaliza hapo. Ikiwa bado, tazama kucha: ile ya shahada ikizidi ncha ya kidole kwa milimita moja au mbili, iliyosuguliwa kwa msasa laini mpaka isiwe na kona, itatoa sauti angavu. Kucha ikiwa fupi kabisa, tumia nyama ya ncha na usogee karibu kidogo na daraja. Nyuzi zilizooza nazo huua sauti nyembamba. Ukipitisha kidole ukahisi mikwaruzo ya kutu, muda wake umekwisha. Kwenye hewa ya chumvi ya pwani, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga.

"Nikianza kuimba, vidole vinasimama"

Mtindo huu ulizaliwa kwa ajili ya kuimba. Mwenda aliimba Kiswahili juu ya gumba lake, na Edouard Masengo, mpigaji mwenzake wa Katanga, pia. Kwa hiyo anayepiga vizuri akiwa kimya hajafika, na anastahili msaada zaidi ya kuambiwa "endelea kujaribu."

Sababu ya kawaida ni ile ya mwanzo, gumba lisilojitegemea, imerudi kwa sura nyingine. Rudia jaribio la kuongea. Ukilifaulu na bado kuimba kunakwama, basi hujui maneno yanaangukia wapi. Unayajua maneno, unaujua muundo, ila hujaonyeshwa mahali vinapokutana.

Chukua sentensi ya kawaida: "Mama nakuja kesho asubuhi." Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno: MA-ma, na-KU-ja, KE-sho, a-su-BU-hi. Mikazo minne. Gumba lina mipigo minne. Iseme sentensi hiyo, usiiimbe, huku gumba likipiga kwenye MA, KU, KE na BU. Silabi nyingine zitajipanga zenyewe katikati, nyingine zikibanana, na hiyo ndiyo ladha. Ukishaisema mara ishirini bila kukwama, nung'unika sauti ya wimbo bila maneno. Kisha unganisha. Wimbo wowote unaoutaka, andika beti zake na upige mstari chini ya silabi zinazokutana na gumba. Hazitakuwa zote penye mkazo wa lugha. Waimbaji huvuta na kuwahisha kwa makusudi. Lakini ukishaona kwa macho ni wapi, kidole hakiogopi tena.

Sababu nyingine ni pumzi. Anayezuia pumzi wakati wa sehemu ngumu hukaza mabega, na mabega yakikaza vidole vinafuata. Na mara nyingine ufunguo wa wimbo ni mbaya tu kwa koo lako: hamisha kapo badala ya kuteseka.

"Taratibu naweza, haraka inavurugika"

Ongeza mipigo 5 kwa dakika kila unapoweza kurudia mara nne bila kosa. Ukikosea mara mbili mfululizo, shuka 10. Angalia umbali vidole vinavyoruka baada ya kupiga. Vikiruka sentimita tatu kutoka kwenye uzi, kasi haitakuja. Hapa ndipo metronomu inaposema kweli kuliko rafiki.

"Gitaa halikai kwenye sauti" na daraja linalonyanyuka

Nyuzi mpya hushuka kwa siku mbili tatu. Zivute taratibu kwa kidole, zikaze upya, rudia. Kama ni za zamani, hesabu mizunguko kwenye ufunguo: mizunguko miwili au mitatu inatosha, nusu haitoshi. Uzi ukitoa mlio wa "tik" unapoukaza, umebanwa kwenye mfereji wa juu. Ulegeze, sugua ncha ya penseli ndani ya mfereji, urudishe. Kagua pia programu ya simu ya kupimia sauti za nyuzi imewekwa kwenye 440, kipimo cha kawaida. Nimekuta gitaa zima limekazwa kupita kiasi kwa sababu mtu alibonyeza kitufe bila kujua.

Lakini kuna kosa moja ninaloliona mara kwa mara na linaloniuma, kwa sababu linaua magitaa mazuri: nyuzi za chuma kufungwa kwenye gitaa la nailoni. Gitaa la klasiki lina shingo pana, kichwa chenye matundu mawili marefu, na nyuzi zilizofungwa fundo kwenye daraja. Seti ya nailoni huvuta kwa jumla kama kilo 40. Seti ya chuma ya kawaida, ile ya 12 hadi 53 (unene wa uzi mwembamba na mnene kabisa, kwa sehemu za elfu za inchi), huvuta zaidi ya kilo 70. Ubao wa juu haukujengwa kwa mzigo huo. Unaanza kufura nyuma ya daraja, nyuzi zinapanda, mwanafunzi anashindwa kubonyeza, anasema hana kipaji. Kumbe hakuwahi kupewa gitaa linalopigika.

Kama unapenda sauti ya chuma, tafuta gitaa la chuma. Na kama tayari uko nalo la chuma lakini linakuumiza, seti ya 10 hadi 47 ni laini zaidi.

Pima nyuzi kwa rula kwenye freti ya 12. Kwa nyuzi za chuma, milimita 2 mpaka 2.5 chini ya uzi wa 6 ni sawa. Zikizidi 3, mpe fundi ashushe. Nailoni hukaa juu zaidi, kati ya 3 na 4. Kisha chukua kipande cha karatasi ujaribu kukiingiza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Kikiingia, daraja linang'oka. Legeza nyuzi zote siku hiyo hiyo, usipige, usimwagie gundi ya haraka ya dukani, maana fundi atalazimika kuibandua kabla ya kuanza kazi. Vivyo hivyo kwa ufa kwenye ubao au shingo. Na usiliache gitaa ndani ya gari lililoegeshwa juani. Gundi inayoliunganisha hulegea kwa joto.

Maumivu: yapi ya kawaida, yapi ya kusimama

Ncha za vidole vya kushoto kuuma wiki za mwanzo ni kawaida. Ngozi inatengeneza sugu. Piga dakika kumi na tano mara tatu kwa siku badala ya saa moja kwa mkupuo, na usizilowanishe ncha kabla ya kupiga. Lengelenge likitokea, liache lipone bila kulipasua. Mwenye kisukari asipuuze kidonda hata kidogo cha kidole.

Maumivu ya kifundo cha mkono, ya kiganja au ya kiwiko si ya kawaida, na "kuzoea" si tiba yake. Chanzo cha kwanza ni kifundo kilichokunjwa sana. Paza shingo ya gitaa juu zaidi, weka mguu wa kushoto kwenye kigoda kidogo, nyoosha kifundo. Chanzo cha pili ni kubana shingo kama unayekamua nguo: ondoa gumba la kushoto kabisa kwa sekunde chache uone kama bado unaweza kushika kodi kwa uzito wa mkono tu. Cha tatu ni kuruka kutoka dakika ishirini kwa siku mpaka saa tatu kwa sababu ya shoo ya Jumamosi.

Pumzika siku tatu nne. Maumivu yakirudi mara tu ukishika gitaa, acha na umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Usisubiri hata siku hizo kama unahisi ganzi au mchomo kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, hasa usiku. Au ganzi kwenye kidole cha pete na cha mwisho. Au kidole kinakwama kikiwa kimekunjwa na kufunguka kwa kishindo. Au kifundo kimevimba. Hizo ni habari za neva na kano, na zikiwahiwa hutibika kwa urahisi zaidi.

Na kile kidole kinachojikunja chenyewe. Ukiona shahada au kidole cha kati kinaingia kiganjani kila ukianza muundo fulani, bila maumivu, wakati kazi nyingine zote kinazifanya vizuri, usiongeze mazoezi. Kuzidisha marudio huweza kulikomaza tatizo. Omba rufaa kwa daktari wa neva, na siku ya miadi nenda na gitaa lako, kwa sababu dalili hiyo inaweza isionekane mpaka akuone unapiga.